Kimya cha Siku Tatu: Kitunguu na Damu ya Mbwa

Ndugu zangu mnaofuga mbwa, na nyinyi mlioandamana nao kwa kuwa mnaishi nyumba moja na mbwa hata kama hamkumchagua, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya vyakula vinavyowadhuru mbwa. Orodha yake ni ndefu na wengi wenu mmeshaisikia: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, peremende zilizotiwa zailitoli, ile inayotia utamu badala ya sukari. Nikiisoma yote hapa tutaondoka na majina mengi na maarifa machache. Kwa hiyo nimechagua kimoja tu, ambacho hakikosekani jikoni, na ambacho watu hukidharau kwa sababu mbwa akishakila haonyeshi lolote. Nacho ni kitunguu.

Nianze na simu niliyopokea nikiwa bado mchanga katika kazi ya udaktari wa mifugo.

Ilikuwa jioni. Mama mmoja alinipigia akiwa na wasiwasi. Mbwa wake, dume la kilo 8, alikuwa ameingia jikoni akaangusha sufuria ya nyama iliyopikwa kwa vitunguu, akaikomba yote. Nilimuuliza vilikuwa vitunguu vingapi. Vitatu, akasema, vya ukubwa wa kawaida. Ametapika? Hapana, daktari. Anaharisha? Hapana. Yukoje sasa hivi? Anatikisa mkia, anataka kutoka nje akacheze. Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Basi mama, muache, tumwangalie. Akibadilika unipigie."

Kesho yake hakubadilika. Keshokutwa alikula nusu ya chakula chake, mama akadhani ni joto. Siku ya tatu alilala sana. Siku ya nne aliletwa amebebwa ndani ya shuka. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Moyo ulikuwa unakwenda mbio na pumzi ni za juujuu, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi nyingi, ilhali yeye alikuwa amelala. Tukapima damu. Katika mbwa mzima, chembe nyekundu huchukua kati ya asilimia 37 na 55 ya ujazo wa damu yake. Kwake zilikuwa zimebaki 13.

Yule mama hakukosea. Alipiga simu ndani ya saa moja, wakati ambao karibu kila kitu kilikuwa bado kinawezekana. Niliyekosea ni mimi. Nilimpima mbwa kwa mkia wake badala ya kumpima kwa mizani.

Nitarudi kwa mbwa huyo. Kwanza nataka muelewe kilichokuwa kikiendelea mwilini mwake katika zile siku tatu za kimya, kwa sababu mtu akielewa hapo, mengine yote hujieleza.

Kitunguu kina kemikali zenye salfa. Ukikikata, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huzigeuza, na sehemu yake huruka hewani. Ndiyo maana macho hutuchoma. Sisi yanaishia kwenye machozi. Mbwa akimeza kitunguu, kemikali hizo hufyonzwa kwenye utumbo, zikachakatwa mwilini, zikageuka kuwa vitu vikali vinavyounguza chembe nyekundu za damu kutoka ndani. Sisemi kuunguza kwa moto. Ni kitu cha jamii ya kutu: oksijeni inashika pale isipotakiwa kushika.

Kila chembe nyekundu imejaa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kuipeleka mwili mzima. Chembe ina ulinzi wake dhidi ya kutu hiyo, na mlinzi mkuu anaitwa glutathioni. Binadamu anayekula kitunguu chake cha kila siku ana ulinzi wa kutosha. Ulinzi wa mbwa ni dhaifu zaidi na huisha haraka. Ukiisha, himoglobini inaanza kuharibika kwa njia mbili kwa pamoja. Sehemu yake inageuka kuwa methimoglobini, ambayo haiwezi tena kubeba oksijeni. Ndiyo sababu wakati mwingine fizi huonekana za kahawia badala ya waridi. Sehemu nyingine inaganda vijibonge vinavyojibandika kwenye ukuta wa chembe. Vijibonge hivyo ukiweka tone la damu chini ya hadubini unaviona, vimejitokeza pembeni ya chembe kama chunusi. Tunaviita miili ya Heinz, kwa jina la Robert Heinz, Mjerumani aliyevieleza mwaka 1890.

Chembe yenye kijibonge ina hatima mbili. Ama inapasukia humo humo kwenye mshipa, ama inapita kwenye bandama, na bandama ikiona chembe mbovu huiondoa. Kazi ya bandama ni hiyo, na inaifanya kwa bidii. Himoglobini inayomwagika kutoka kwenye chembe zilizopasuka huchujwa na figo, na hapo ndipo mkojo unapokuwa mwekundu au wa kahawia. Ini nalo hulemewa na mabaki, macho na fizi zikaanza umanjano.

Sasa angalieni muda. Miili ya Heinz huweza kuonekana kwenye hadubini ndani ya siku ya kwanza, na huongezeka kwa siku mbili au tatu zinazofuata. Lakini chembe hazipasuki zote kwa pamoja. Zinaondoka kidogo kidogo, siku baada ya siku, na mwili wa mbwa, ambao una akiba, unavumilia. Anatembea, anakula, anabweka kama kawaida. Ile siku unayoona amelegea si siku alipoanza kuugua. Ni siku akiba ilipokwisha. Mara nyingi hiyo ni siku ya tatu, ya nne au ya tano, na wakati mwingine hata baadaye.

Baadhi ya mbwa hutapika au kuharisha mapema, siku ile ile. Hao, kwa namna fulani, wana bahati, kwa sababu wenye nao hushtuka. Ninaowahofia zaidi ni wale wanaolala vizuri usiku wa kwanza.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1930 daktari wa Marekani, W. H. Sebrell, alichapisha taarifa kuhusu mbwa waliopungukiwa damu baada ya kulishwa vitunguu. Karibu miaka mia imepita. Hata hivyo bado nakutana na watu wazima, wafugaji wa miaka mingi, wanaosikia jambo hili kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamemshika mbwa mgonjwa mikononi. Hilo linaniuma, na ndilo lililonileta hapa.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: kiasi gani? Nitawapa tarakimu, lakini mzishike kwa uangalifu.

Madhara makubwa kwenye damu ya mbwa yameonekana kwa gramu 15 hadi 30 za kitunguu kibichi kwa kila kilo ya uzito wa mbwa. Lakini tunajua pia kwamba sumu hii hujitokeza mara kwa mara mnyama anapokula kwa mkupuo mmoja kitunguu kinachozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake, yaani gramu 5 kwa kilo. Mimi nachukua tarakimu hiyo ndogo kuwa mstari wa kupiga simu. Mbwa wa kilo 30, gramu 150. Mbwa wa kilo 10, gramu 50, ambayo haifiki hata kitunguu kimoja cha kawaida. Mbwa mdogo wa kilo 4, gramu 20, na hizo ni vipande vichache tu. Yule wa kilo 8 kwenye simu yangu alikuwa amekula kama gramu 300. Hesabu yake ilihitaji dakika moja, nami sikuifanya.

Wapo wanaohitaji tahadhari kubwa zaidi. Baadhi ya mbwa wenye asili ya Japani, kama Akita na Shiba Inu, wana chembe nyekundu za namna ya pekee, kwa kurithi, zinazoharibika kwa urahisi zaidi. Jindo wa Korea naye yumo. Mbwa ambaye tayari ana upungufu wa damu kwa sababu nyingine, labda kupe au minyoo, hana akiba ya kuchezea. Na kama nyumbani kuna paka, yeye hali yake ni ya hatari zaidi, kwani kwake gramu 5 kwa kilo zinatosha kuleta madhara makubwa.

Kuna jambo lingine ambalo tarakimu hizo hazilisemi. Dozi ndogo zikirudiwa hukusanyika. Mbwa anayewekewa kila jioni mabaki yenye kitunguu kidogo hafikii mstari siku yoyote, lakini chembe zake zinaharibika leo, zinaharibika kesho, na uboho wa mifupa unakimbizana kutengeneza mpya. Siku moja anachoka, na hakuna anayekumbuka kitu cha ajabu alichokula, kwa sababu hakula kitu cha ajabu. Alikula kile kile.

Wengi hudhani moto unamaliza sumu. Haumalizi. Kitunguu kibichi, kilichochemshwa, kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, kilichosagwa ndani ya mchuzi mpaka hakionekani, vyote hivyo bado vina kemikali ile ile. Mchuzi wenyewe unayo. Kwa hiyo kuokota vipande vya vitunguu ukabakiza rojo, ukamwekea mbwa ukiamini umemsafishia, hakumsaidii. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa upendo wa kweli, wakiokota kipande kimoja kimoja kwa kijiko.

Kukausha ndiko kunakozidisha hatari. Kitunguu kibichi ni maji karibu gramu 89 katika kila 100. Ukiyaondoa maji, kinachobaki kimekusanyika. Kijiko cha chai cha unga wa kitunguu, ambacho ni kama gramu 2 na nusu, kimebeba kitunguu kibichi cha gramu 20 hivi. Mkumbuke yule mbwa wa kilo 4. Kijiko kimoja cha chai kinamfikisha kwenye mstari. Na unga huo uko katika vyakula ambavyo jina lake halijaandikwa kwa herufi kubwa: vidonge vya supu, supu za pakiti, viungo vya kuchanganya, nyama za kusindika, vitafunio vya chumvi. Hata baadhi ya vyakula vya watoto wachanga vimewahi kutiwa, na hivyo ndivyo watu huwapa wanyama wagonjwa wasiotaka kula, wakidhani ni laini na salama. Soma nyuma ya pakiti. Ukikuta kitunguu, kiwe cha unga, cha maji au cha chembechembe, hicho si cha mbwa.

Ndugu wa kitunguu nao wamo katika hatia hiyo hiyo: liki, vitunguu vya majani, vitunguu vidogo vyekundu, na kitunguu saumu.

Hapa kwenye kitunguu saumu lazima nisimame, kwa sababu najua nitapingwa. Wapo wanaowapa mbwa kitunguu saumu makusudi, kama dawa ya viroboto na minyoo. Mwaka 2000 watafiti nchini Japani walichapisha matokeo ya kuwapa mbwa dondoo ya kitunguu saumu kwa siku 7 mfululizo. Chembe nyekundu zilipungua, miili ya Heinz ikatokea. Nitakuwa mkweli kwenu: katika jaribio lile hakuna mbwa aliyefikia upungufu mkali wa damu kwa kupasuka kwa chembe. Lakini oneni jambo moja. Kiwango cha chini kabisa cha damu hakikufikiwa siku ya kwanza wala ya tatu. Kilifikiwa kati ya siku ya 9 na ya 11, dozi zikiwa zimeshakoma. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba mbwa waepushwe na vyakula vyenye kitunguu saumu. Mimi nasimama nao. Dawa za viroboto zilizopimwa zipo, zina kipimo kinachojulikana kwa kila kilo. Sioni sababu ya kumlipisha mbwa kwa damu yake kazi ambayo tone la dawa mgongoni linaifanya.

Sasa, imetokea. Umeingia jikoni umekuta sufuria imelala ubavu.

Usimngoje mbwa akuambie. Tazama saa. Kadiria ni kitunguu kiasi gani kimeliwa, na ukikosa uhakika chukua kiasi kikubwa zaidi kinachowezekana. Jua uzito wa mbwa wako. Kama huujui, panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Halafu piga simu kwa daktari wa mifugo papo hapo. Katika saa moja au mbili za kwanza daktari anaweza kumchoma sindano ya kumtapisha, na kitunguu kikatoka kabla hakijafyonzwa. Baada ya hapo anaweza kumpa mkaa wa dawa, unaonasa sehemu ya sumu iliyobaki tumboni. Hayo mawili ndiyo silaha zetu bora, na zote mbili zinategemea saa.

Msiwatapishe wenyewe kwa kuwanywesha maji ya chumvi. Naomba mnisikie vizuri hapa. Chumvi nyingi ni sumu nyingine kwa mbwa, inaweza kuvimbisha ubongo na kuleta degedege, na nimeona mbwa aliyeletwa kwa ajili ya kitunguu akatibiwa chumvi. Wala kidole kooni. Wala maziwa, ambayo watu huyaamini kwamba huua sumu. Hayafanyi lolote kwa kitunguu.

Ikiwa saa zimepita, bado mpeleke. Tutapima damu leo na tutaipima tena baada ya siku chache, kwa sababu kipimo cha leo kikiwa kizuri hakitoshi kutupa amani. Nyumbani, kwa wiki nzima, mjifunze kutazama fizi. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, uachie. Doa jeupe linatakiwa lirudi kuwa waridi ndani ya sekunde 2. Kama mbwa wako ana fizi nyeusi kwa asili, vuta chini kope ya chini utazame ndani yake. Hesabu pumzi akiwa amelala. Zikizidi 30 kwa dakika wakati ametulia, hilo si jambo la kungoja asubuhi. Na tazama mkojo. Mpeleke akojolee mahali peupe, juu ya karatasi au kitambaa, maana kwenye udongo na nyasi rangi hupotea.

Kuna jambo lingine nataka kulisema taratibu. Watu wengine wanapofika kwetu hawasemi ukweli. Tunauliza amekula nini, wanasema chakula chake cha kawaida. Wanaona haya, au aliyemlisha ni mtoto, au ni bibi wa nyumbani ambaye hawataki aonekane mkosaji. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Upungufu wa damu kwa mbwa una sababu nyingi: kupe, minyoo, saratani, kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Hiyo ya mwisho inatibiwa kwa dawa kali za kuishusha kinga, ambazo mbwa mwenye sumu ya kitunguu hazihitaji kabisa. Neno moja tu, "vitunguu", linaweza kubadilisha matibabu yote. Hakuna daktari mwenye akili atakayekugombeza kwa kulisema. Bibi aliyempa mbwa mabaki alikuwa anampenda.

Dawa ya kuiondoa sumu hii kwenye damu haipo. Tunachofanya mbwa akishafika mbali ni kumshikilia: dripu ili figo zisizibwe na mabaki ya himoglobini, oksijeni, utulivu, na ikibidi damu ya mbwa mwingine. Uboho unahitaji siku kadhaa kabla haujaanza kuingiza chembe mpya kwa wingi. Sisi tunamnunulia siku hizo. Wengi wakishavushwa hapo hupona kabisa.

Yule wa kilo 8 tulimwongezea damu usiku ule ule. Aliyeitoa alikuwa mbwa mkubwa, mpole, aliyelala chali kwenye meza kana kwamba anakunwa tumbo. Mama hakutaka kwenda nyumbani. Alikaa kwenye kiti kando ya kizimba, ameingiza vidole viwili katikati ya nondo, na mbwa ameweka pua yake juu ya vile vidole. Alfajiri fizi zilikuwa zimeanza kupata rangi kidogo. Siku mbili baadaye alisimama akanywa maji mwenyewe. Wiki tatu baadaye, alipoletwa kupimwa, kiwango chake kilikuwa 38, naye alinivuta suruali kwa meno.

Yule mama hakunilaumu hata mara moja. Alinishukuru, na ile shukrani ilikuwa nzito kuibeba kuliko lawama. Nilimweleza kwamba siku ya kwanza nilimjibu vibaya. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Basi mwingine akikupigia, utamwambiaje?"

Tangu siku hiyo, simu ya kitunguu ikiingia, siulizi mbwa anaendeleaje. Nauliza ana kilo ngapi, na amekula saa ngapi.